Mafungu Matano kwa Nyumba ya Jirani

"Bibi yako mzaa baba alizaliwa wapi?"

"Ujiji."

"Na baba yake?"

Kalamu ya kijana wa meza ya kuhakiki uraia ilikuwa imeshatua kwenye fomu, inangoja jina la kijiji. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu waliokumbatia bahasha za kaki. Ndani ya bahasha yangu nilikuwa na cheti changu cha kuzaliwa, cha baba, hata kadi ya TANU ya babu iliyochakaa kwenye mikunjo. Kwa swali lile sikuwa na karatasi.

"Alikuwa Mmanyema," nikasema.

Kijana akaniangalia, akaandika "Kongo", kisha pembeni yake akaweka alama ya kuuliza.

Msomaji wa Kigoma hahitaji kuelezwa zaidi. Wengi wetu tumekwisha kusimama kwenye meza kama ile. Na kisheria swali lenyewe lilikuwa limevuka mpaka. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa hapa, na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa, alihesabiwa raia. Wana wa Bibi wamo ndani ya mstari huo bila ubishi. Kwa hiyo uraia wangu sio ulioninyima usingizi wiki zote hizi.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba niliporudi nyumbani na kuuliza, hakuna aliyeweza kujibu. Na kadiri nilivyozidi kuuliza, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kutojua kwetu hakukuja kwa bahati mbaya. Kuna watu waliokaa wakakutengeneza kutojua huko, kwa uangalifu na kwa mapenzi.

## Hadithi ya Wabelgiji

Hadithi niliyokulia nayo ni hii. Baba yake Bibi, tuliyezoea kumwita Babu Mkubwa, alikuja na Wabelgiji. Aliwabebea mizigo kutoka ng'ambo ya ziwa wakati wa vita vya Mjerumani. Wakaichukua Kigoma mwezi Julai 1916, wakasonga mbele hadi Tabora, walikoingia Septemba. Yeye akabaki Ujiji, akaoa, akajishughulisha na chumvi ya Uvinza. Wabelgiji walikaa Kigoma mpaka 1921, walipowaachia Waingereza, hivyo hapakuwa na wa kumwambia arudi kwao.

Ni hadithi nzuri. Ina vita, ina mwaka, ina mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe pamoja na walioshinda.

Lakini Bibi huyohuyo alikuwa na hadithi ya pili, aliyopenda kutusimulia kila Liemba ilipotia nanga. Alisema baba yake alibeba vyuma vya meli ile ilipokuwa ikiunganishwa. Liemba haikuzaliwa na jina hilo. Wajerumani waliiunda Papenburg, wakaifumua, wakaisafirisha ndani ya masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati, iliyofika Kigoma 1914. Ilishushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha walipokuwa wakiikimbia Kigoma. Waingereza waliiopoa 1924, ikaanza safari zake upya 1927.

Nilizisikia hadithi hizi mbili utoto wangu wote, moja jikoni na nyingine ufukweni, na sikuwahi kuzikalisha pamoja. Siku nilipozikalisha, moyo ulinidunda.

Aliyebeba vyuma vya meli ile hawezi kuwa aliletwa na Wabelgiji.

Alikuwapo tayari.

Kwa muda nilishikilia kwamba alivuka mapema kidogo, kijana wa kutafuta kibarua cha reli, vita vikamkuta hapa. Kwa wazo hilo nikapita Kumbukumbu za Taifa pale Upanga, nilipokuwa Dar es Salaam kwa shughuli nyingine. Niliyemtafuta sikumkuta, ila nilielewa kwa nini. Tangu sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, chini ya gavana Donald Cameron, Waingereza walitaka kila Mwafrika awe na kabila, na kila kabila liwe na mkuu wake. Kwa Buha kazi hiyo iliwezekana: kulikuwa na Heru, Muhambwe, Buyungu, kila mahali na mwami wake. Mtu wa Ujiji aliyefika na misafara alikuwa mgumu kumpangia sanduku. Alikuwa wa mwami gani? Alizikwa kwa mila ya nani?

"Mmanyema" lilikuwa jibu lililowatosha wote wawili, mwuliza na mwulizwa. Ndani yake walikaa Wakusu, Wabangubangu, Wazimba na wengine ambao huko walikotoka wasingeitana ndugu. Hapa waliitana. Walijenga misikiti pamoja na kuoana, wakafika hadi Kariakoo ambako mpaka leo uko Msikiti wa Manyema. Nalitaja hilo kwa heshima, kwa sababu kwenye meza yetu ile jina hili huandikwa kama vile ni kukwepa swali. Mimi naona ni kabila lililoundwa na watu waliojua wanachokifanya.

## Karatasi ndani ya msahafu

Shangazi alikuwa akipanga upya sanduku la bati la Bibi. Ndani ya msahafu kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino uliogeuka rangi ya chai. Alidhani ni dua. Aliniambia niipeleke kwa mtu anayejua, kama ni kombe au hirizi tujue pa kuiweka.

Nikampelekea ustadhi aliyenifundisha juzuu nikiwa mdogo. Akavaa miwani, akaisoma kimya, halafu akaanza upya kwa sauti.

Ilikuwa karatasi ya mirathi ya Babu Mkubwa, ya mwaka 1356 wa Hijria, yaani 1937 hivi. Aliacha nyumba, baiskeli, michikichi na fedha kidogo. Aliacha mke mmoja na mabinti wawili, mmoja wao Bibi. Mtoto wa kiume hakuwa naye.

"Mafungu ishirini na manne," ustadhi akahesabu kwa kidole. "Mke ana thumuni, matatu. Mabinti wana thuluthi mbili, kumi na sita. Yamebaki matano."

Akanisomea jina la aliyepewa matano.

"Huyu ni ndugu yenu?"

Jina hilo nalijua. Ni la marehemu mwenye nyumba iliyo ng'ambo ya njia yetu, nyumba ya watu ambao mtaa mzima unajua asili yao ni Uarabuni, waliokuja Ujiji na biashara ya misafara.

"Hapana," nikasema. "Ni jirani."

Ustadhi alivua miwani. Wanafunzi wake walikuwa bado uani, akawaambia wakatawadhe. Walipotoka ndipo akasema: "Mafungu yanayobaki huchukuliwa na asaba. Kaka, ami, mwana wa ami, damu ya kiumeni. Huyu mzee hakuwa na hata mmoja. Sasa sikiliza, mwanangu, na haya yamo kwenye vitabu vya mirathi, sikuyatunga mimi. Mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akafa bila asaba wa damu, asaba wake ni aliyemwacha huru, au wana wa huyo. Inaitwa walaa."

Matano kwa ishirini na manne.

Nilikuwa nimekwenda kuuliza kama karatasi ile ni dua.

## Aliyevuka akiwa mtoto

Baada ya hapo kila kitu nilichokuwa nacho kilianza kusomeka upya. Jina lake, kwa mfano. Sitalitaja, ila ni katika yale ya akina Majaliwa, Mabruki, Feruzi na Baraka, majina yaliyopewa watu na wenye nyumba zao. Na la baba lilikuwa Abdallah, kama walivyoandikwa wengi ambao baba zao hawakujulikana.

Miaka nayo ikajipanga. Bibi alisema baba yake alikufa na ndevu nyeupe. Kama alikuwa mtu wa nguvu za kubeba vyuma 1914, na mzee 1937, basi utoto wake uliangukia miaka ya 1880 mwishoni au 1890 mwanzoni. Huo ndio wakati Manyema yote, upande wa mashariki wa Kongo, ilipopinduka. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipigana na matajiri wa Kiarabu na Kiswahili: Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Rumaliza, mmoja wa matajiri hao, aliyetamba pande zote mbili za ziwa, alirudishwa nyuma hadi Ujiji. Waliokimbia walifuata njia ileile ya misafara, Kasongo, Kabambare, Mtowa, kisha mashua hadi Ujiji. Hawakukimbia peke yao. Walikuja na watu wa nyumba zao, na katika watu hao walikuwamo watoto wasiohesabiwa na yeyote.

Naamini alikuwa mmoja wao. Naamini tu, kwa sababu ushahidi nilionao ni miaka na yale mafungu matano, lakini sijaona mahali pengine ambapo vyote viwili vinakaa bila kugombana.

Mjerumani alipoweka boma lake hapa hakuwaacha huru watumwa. Hili shuleni lilinipita. Amri ya 1901 ilimruhusu mtumwa ajikomboe kwa kulipa thamani yake. Amri ya 1904 ilisema watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Waliozaliwa kabla waliachwa palepale walipo. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Maana yake, siku reli inaingia Kigoma na vyuma vya meli vinashushwa, kijana mwenye umri wa Babu Mkubwa angeweza kuwa bado ni wa mtu, na ujira wa kubeba vyuma ungeweza kuwa ndio unaomkomboa.

Hapo ndipo nilipoielewa hadithi ya Wabelgiji. Wabelgiji waliingia, mabwana wakatikisika, boma likabadilisha bendera, na mji ukajaa wageni kutoka ng'ambo ambao hakuna aliyejua nani ni nani. Katika mji kama huo mtu angeweza kuuanza umri wake upya. Angeweza kusema, "Mimi nilikuja na hawa." Nani angebisha? 1916 ulikuwa mwaka alioujichagulia kuwa wa kufika kwake. Aliwakabidhi mabinti zake mwaka huo, nao wakatukabidhi sisi.

Niliwaza kwa muda mrefu kama nina haki ya kumnyang'anya.

## "Unataka kutuvua nguo"

Shangazi aliposikia alisema maneno hayohayo. Unataka kutuvua nguo. Hakupiga kelele, na ndiyo maana yaliniingia zaidi.

"Nina binti wawili hawajaolewa," akasema. "Unajua watu wa posa wanavyouliza. Unajua neno lile linavyotupwa watu wakigombana kisimani. Miaka tisini hapa hakuna aliyetutupia. Unadhani ni kwa nini? Ni kwa sababu mama yangu alifunga mdomo."

Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa sidhani kama hofu yake ni ya kupuuzwa. Wapo watakaosema ukweli lazima usemwe. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa mbali na kisima. Nilichomwambia ni kwamba anayestahili aibu ni aliyenunua mtoto, mtoto hana la kuonea haya. Akanijibu kwamba hayo ni kweli, lakini posa haziendeshwi kwa yanayostahili.

Tukakaa siku nyingi bila kuligusa jambo hilo. Nilikuwa nikimpelekea migebuka kutoka sokoni, anapokea, tunazungumzia mvua.

Baadaye akaniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba majina yote yabaki nyumbani. Akaniongezea sharti la pili ambalo sikulitarajia: kabla sijaandika, niende kwanza ng'ambo ya njia.

## Ng'ambo ya njia

Mzee wa nyumba ile amepita miaka themanini. Nilimkuta barazani baada ya alasiri, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, kaa."

Nikiwa mtoto, kila msimu wa kuvuna chikichi, mama alinituma kwenye nyumba hii na mikungu miwili mitatu kabla ya sisi kuanza kupika mawese. "Peleka fungu la wenyewe," alikuwa akisema. Nilidhani ni ujirani mwema. Sasa, nikiwa nimekaa kwenye baraza hiyo, nilijiuliza kama nilikuwa nikibeba mafungu matano kichwani bila kujua.

Nilimwambia tumeona karatasi ya mirathi, na kwamba marehemu baba yake ametajwa humo. Hakushtuka.

"Ilikuwa deni," akasema. "Babu yenu na marehemu baba walishirikiana chumvi ya Uvinza. Alikufa anadaiwa. Wakamalizana."

Sasa, deni hulipwa kabla ya kugawa. Kwanza mazishi, kisha deni, kisha wasia, ndipo mirathi. Hata mtoto wa madrasa anaijua taratibu hiyo, na mzee huyu amesimamia mirathi ya nusu ya mtaa. Deni haliwezi kuangukia sawasawa kwenye kile kinachobaki baada ya mke na mabinti kuchukua chao. Alijua kwamba najua. Akazungusha tasbihi yake.

"Umekuja na swali," akaniuliza, "au umekuja na jibu?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikajikuta nasema, "Nimekuja kukujulia hali, babu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepokea kitu. Kahawa ikaletwa. Ndipo, bila kuulizwa, akaniambia ambalo kwetu halijawahi kusemwa: Bibi alinyonyeshwa na mama mkubwa wa mzee huyu, pamoja na dada wa mzee, kwa sababu mama yake Bibi aliugua baada ya kujifungua. "Dada yangu na bibi yako ni ndugu wa ziwa moja. Ndiyo maana sanda ya kwenu huletwa na sisi. Hukuona kwenye msiba wa bibi yako nani alifika wa kwanza?"

Niliona. Walifika wao kabla ya shangazi zangu wa Kasulu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Alinipa undugu ambao yeye anaweza kuutamka hadharani, badala ya ule ulioandikwa kwenye karatasi. Kuna sehemu yangu iliyotaka aseme lile neno, hata mara moja, kwa niaba ya nyumba yake. Hakulisema, na mimi sikumlazimisha. Lakini sioni kwamba maziwa yanafuta mafungu matano. Yote mawili yalitokea, katika nyumba hizohizo, pengine kwa mikono ya watu walewale, na mimi natoka kwenye yote mawili.

## Jina la nyumbani

Nilipomrudishia Shangazi habari ya maziwa alikaa kimya, kisha akanipa la kwake.

Bibi alikuwa na jina la pili, la nyumbani, ambalo sote tunalijua kwa sababu kila kizazi kuna msichana anayepewa. Si la Kiarabu, si la Kiha, na hapa Ujiji sijalisikia nje ya ukoo wetu. Nilikuwa nikidhani ni la utani tu. Shangazi akasema hapana: Babu Mkubwa alimpa bintiye wa kwanza jina la mama yake mwenyewe. Bibi alimwambia hivyo Shangazi siku alipojifungua binti, na akamwambia asilitafutie sababu mbele za watu.

Kwa hiyo alikumbuka. Aliyechukuliwa mdogo kiasi cha kupewa baba wa kuazima alikuwa bado na jina la mama, akalivusha ziwa, akalificha mahali ambapo hakuna karani angelitafuta, kwenye jina la mtoto wa kike.

Nimekwenda nalo Kibirizi, zinakofunga mashua za Kongo, nikawauliza akina mama wafanyabiashara. Mmoja wa mji wa Baraka alisema ni jina lao, la Wabembe, hakuna ubishi. Mwingine, aliyeolewa Kalemie lakini kwao Kabambare, alimcheka, akasema Wabembe wamelichukua kwao Wabangubangu. Wakabishana hapo kati ya magunia, kila mmoja akitaja shangazi na bibi zake wenye jina hilo. Yule wa Kabambare akaniambia pia kwamba tunalitamka vibaya, tunalivuta mwishoni kama Waswahili. Akalitamka kwao linavyotamkwa, nikamrekodi kwa simu.

Shangazi aliisikiliza rekodi hiyo mara kadhaa. Anasema Bibi, alipokuwa akimuiga baba yake anavyomwita, alikuwa akilitamka hivyo.

Yule mama anarudi kwao msimu wa kiangazi. Ameahidi kuwauliza wazee wa Kabambare, kijiji kwa kijiji, ni ukoo gani huwaita wanawake wake hivyo na ulipotelewa na watoto wakati wa vita vya Waarabu. Nimemwandikia jina hilo kwenye karatasi, na chini yake nikaandika mwaka 1893.